Rakugo kwa mgeni asiyejua Kijapani: Tokyo au Osaka, na ukumbi gani?

Mtu mmoja ameketi juu ya mto, magoti yamekunjwa chini yake, mbele ya ukumbi uliojaa. Hana mwenzake wala mapambo. Ana kipepeo cha kujipepea kinachokunjwa na kitambaa cha mkono, basi. Kwa robo saa atakuwa mwenye nyumba mzee, mpangaji mlevi, mke wa mpangaji na muuza tambi wa usiku, bila kunyanyuka hata mara moja. Hiyo ndiyo rakugo, sanaa ya Wajapani ya kusimulia visa vya kuchekesha. Ilianza kupata sura yake mwishoni mwa karne ya 17, pale Tsuyu no Gorobei alipokuwa akisimulia Kyoto, Yonezawa Hikohachi akisimulia Osaka, na Shikano Buzaemon akisimulia Edo, mji tunaouita leo Tokyo.

Msafiri anayetaka kuiona ana kwa ana hupata majina ya kumbi kwa urahisi. Kigumu ni kuchagua, kwa sababu kumbi hizo hazifanani, na tofauti zake humgusa mgeni kuliko zinavyomgusa mwenyeji. Mimi naanza na lugha kabla ya ukumbi. Ukishajua unaelewa Kijapani kiasi gani, nusu ya uamuzi imekwisha.

Yose au onyesho la Kiingereza?

Asiyejua Kijapani kabisa ana njia mbili, na kila moja inampa nusu ya kitu. Onyesho la Kiingereza litakupa kisa chenyewe: nani kamlaghai nani, na kwa nini neno la mwisho linaangusha watu kwa kicheko. Litakunyima mazingira yake. Ukumbi wa kila siku wa rakugo, ambao Wajapani huuita yose, utakupa mazingira yote: ngoma, shamiseni (ala ya Kijapani ya nyuzi tatu), wanagenzi wanaogeuza mto kila msimulizi anaposhuka, wazee waliokuja na chakula chao cha mchana. Kisa ndicho kitakachokuponyoka.

Wengi huikwepa yose kwa sababu hiyo. Mimi nasema kama una nafasi moja tu, nenda yose. Ratiba yake si rakugo tupu. Kipindi kimoja huchukua saa tatu na nusu, nne au zaidi, na katikati ya wasimulizi huingizwa watu wa sanaa nyingine zinazoitwa iromono, ambao majina yao huandikwa kwa wino mwekundu kwenye ratiba. Yupo anayezungusha mpira juu ya mwavuli uliofunguliwa. Yupo anayezungusha pia, kile kichezeo cha watoto, kwenye ncha ya upanga. Wapo watu wa mazingaombwe, waimbaji wa nyimbo fupi za zamani kwa shamiseni, na wachekeshaji wawili wawili wa manzai. Na yupo mkata karatasi, ambaye kwangu mimi peke yake anatosha kulipia tiketi: watazamaji wanapaza sauti kumwomba umbo fulani, naye anaanza kukata kwa mkasi huku mwili wake ukiyumba, anaongea nao muda wote, na baada ya dakika mbili tatu anafunua karatasi moja isiyokatika popote, ndani yake kuna mpiganaji wa sumo, au maharusi, au treni. Aliyeomba anapewa achukue. Hapo lugha haihitajiki.

Hata rakugo yenyewe ina mlango wa pembeni kwa asiyejua maneno. Msimulizi hugeuza uso kila anapobadili mhusika, na kugeuka huko kuna kanuni. Akielekeza uso kushoto kwako wewe mtazamaji, anayesema kwa kawaida ni mkubwa: mwenye nyumba, samurai, baba. Akielekeza kulia kwako, anayesema ni mgeni aliyebisha hodi, mdogo, mpangaji. Ukilijua hilo, ndani ya dakika tano unaanza kuona watu wawili pale palipo na mmoja. Kisha fuata mikono. Kipepeo kilichofungwa huwa vijiti vya kulia chakula, kiko, upanga au kalamu. Kitambaa huwa pochi, barua au kiazi cha kuchoma. Sauti ya kufyonza tambi inafanywa kwa mdomo mtupu, na ukiisikia utahisi njaa.

Ukitaka kusogea karibu zaidi, soma mapema muhtasari wa visa kumi hivi vinavyosimuliwa sana. Jugemu ni mtoto aliyepewa jina refu mno kiasi kwamba, kabla halijamalizika kutajwa, jambo lenyewe limeshapita. Manju Kowai ni kijana anayedai anaogopa vitumbua vitamu, ili rafiki zake wamletee vingi wamtishe navyo. Dobutsuen ni mtu asiye na kazi anayeajiriwa kuvaa ngozi ya simbamarara na kukaa ndani ya kizimba. Visa hivi hupenda kupewa vijana wanaofungua kipindi, kwa hiyo ukiwahi mapema una bahati ya kukutana na kimoja unachokijua.

Kimoja kinamfaa msomaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee, nacho ni Toki Soba. Mteja anakula tambi kwenye kibanda usiku, bei yake ni sarafu 16 za zamani ziitwazo mon. Anamsifu muuzaji kwa kila kitu, kisha anahesabu sarafu mkononi mwake: moja, mbili, mpaka nane, halafu anauliza, "Saa ngapi sasa?" Anajibiwa, "Saa tisa." Anaendelea, "Kumi, kumi na moja..." na sarafu moja imepona. Mtu mwingine aliyekuwa akichungulia anaamua kujaribu kesho yake, lakini anakwenda mapema mno. Anahesabu sarafu mpaka nane, anauliza saa, anajibiwa, "Saa nne." Naye anaendelea, "Tano, sita, saba..." Amelipa nne zaidi. Saa za Edo zilihesabiwa kwa kushuka, kutoka tisa ya usiku wa manane hadi nne, kisha tisa tena ya adhuhuri. Wageni wengine huhitaji maelezo marefu ili wakubali kwamba usiku wa manane unaweza kuwa saa tisa. Sisi ambao usiku wa manane kwetu ni saa sita, na majirani zetu wa lugha nyingine wanauita kumi na mbili, hatuna taabu hiyo.

Kumbi nne za Tokyo

Tokyo ina yose nne zinazofanya kazi karibu kila siku ya mwaka: Suzumoto Engeijo iliyoko Ueno, Suehirotei ya Shinjuku, Asakusa Engei Hall, na Ikebukuro Engeijo. Zote zina kipindi cha mchana kinachoanza kati ya saa sita kasoro na saa saba hivi, na cha usiku kinachoanza saa kumi na moja jioni au kabla yake kidogo na kwisha kati ya saa mbili na nusu na saa tatu. Tiketi ya mtu mzima ni karibu yeni 3,000, au zaidi kidogo siku za maonyesho maalumu. Kwa kawaida unanunua pale pale mlangoni na kukaa unapopenda. Mwezi umegawanywa vipande vitatu vya siku kumi kumi, na kila kipande kina orodha yake ya wasimulizi. Tarehe 31, ikiwapo, hutengewa onyesho la pekee.

Tofauti ya kwanza ni muda. Suzumoto huwatoa watazamaji wote baada ya kipindi cha mchana; anayetaka cha usiku ananunua tiketi nyingine. Suehirotei na Asakusa kwa kawaida hazifanyi hivyo: ukiingia adhuhuri unaweza kukaa mpaka usiku kwa tiketi ile ile, mradi usitoke nje. Kwa mgeni mwenye siku nzima ya mvua, hiyo ni thamani kubwa ya fedha yake. Siyo kwamba nakushauri ukae saa nane mfululizo. Hata mpenzi wa rakugo huchoka.

Sasa nieleze kila mmoja ulivyo, kwa kadiri unavyostahili.

Suehirotei ndio ukumbi ambao ningempeleka mtu anayetaka kuhisi yose ilivyokuwa. Jengo ni la mbao, lilijengwa 1946, mwaka mmoja baada ya vita, na limebaki katikati ya baa na mikahawa ya Shinjuku likiwa na mabango ya majina yaliyoandikwa kwa hati nene inayotumika kwa kazi hiyo. Ndani, katikati kuna viti, na pande zote mbili kuna sehemu zilizoinuliwa zenye mikeka ya tatami, ambako unavua viatu na kuketi chini. Kaa kwenye tatami angalau kwa nusu ya kwanza. Unaona jukwaa kwa pembeni kidogo, lakini pia unawaona watazamaji, na katika rakugo kuwatazama watu wanavyocheka ni sehemu ya raha kwa mgeni. Mwenye matatizo ya magoti au mgongo akae katikati. Pombe hairuhusiwi, chakula unaweza kuingia nacho. Jumamosi usiku, baada ya kipindi cha kawaida, kuna onyesho fupi la wasimulizi wa daraja la kati, kwa bei ndogo zaidi ya ile ya kipindi kizima.

Asakusa Engei Hall, iliyofunguliwa 1964, ina kelele zaidi na watalii wengi zaidi, hasa Wajapani wa mikoani waliokuja kuliona hekalu la Sensoji. Zamu ni fupi na watu wanaopanda ni wengi, iromono wakiwemo. Msimulizi anajua mbele yake wamo waliokuja kwa mara ya kwanza, kwa hiyo anatumia visa vyepesi, miguno na nyuso. Kwa sababu hiyo, kama hujui neno hata moja la Kijapani na una saa mbili tu, naiweka Asakusa mbele ya Suehirotei. Jengo hilo hilo lina ukumbi mwingine kwenye ghorofa za juu, Toyokan, ambao kazi yake ni manzai na michezo mifupi ya kuchekesha. Hakikisha umenunua tiketi ya mlango unaoutaka.

Mtaani huko kuna jambo linaloniuma kila ninapolifikiria. Katika hekalu la Honpoji, mwendo mfupi kwa miguu, kuna jiwe lililosimamishwa 1941, wakati wasimulizi wenyewe walipovizika visa 53 vilivyoonekana havifai kwa nchi iliyo vitani: visa vya malaya, vya ulevi, vya wake wanaotoka nje ya ndoa. Vilirudishwa jukwaani 1946. Ukipita hapo kabla ya kuingia ukumbini, utakisikia kicheko cha Asakusa kwa sikio jingine.

Suzumoto inajihesabu kuwa yose kongwe kuliko zote, tangu 1857, ingawa jengo la sasa ni la kisasa na ukumbi uko juu, unapanda kwa ngazi za umeme. Viti ni vizuri, kila kimoja kina kimeza kidogo cha kuwekea chakula, na bia inaruhusiwa. Tangu 1984 hupanda hapo wasimulizi wa chama kimoja tu, Rakugo Kyokai, wakati kumbi nyingine tatu hupokezana kati ya chama hicho na Rakugo Geijutsu Kyokai kila baada ya siku kumi. Kwa mgeni hilo lina maana moja kubwa: kiwango hakiyumbi. Nisingejali sana jengo; ningekwenda Suzumoto kwa sababu ya wanaofunga kipindi. Fika kabla ya milango kufunguliwa usikie mwanagenzi anavyopiga ngoma kubwa ya kukaribisha watu. Na si mbali, kwenye hekalu la Kishinto la Shitaya, kuna jiwe la kumbukumbu ya yose ya mwaka 1798, zile siku ambazo Sanshotei Karaku, wa kwanza kulibeba jina hilo, alianza kutoza watu kiingilio wamsikilize.

Ikebukuro iko chini ya ardhi na viti havifiki mia. Hakuna kiti kibaya. Kila msimulizi anapewa muda mrefu kuliko kwenye kumbi nyingine, na waliokuja ni watu wanaozijua kazi. Mwenye Kijapani cha wastani atafurahi sana hapa, maana unaona hata mishipa ya shingo ya msimulizi anapobadilika kuwa mwanamke. Asiyejua lugha atachoka mapema, na kwa kuwa ukumbi ni mdogo hawezi kujificha. Siku kumi za mwisho wa mwezi utaratibu hubadilika: kipindi cha mchana hufupishwa, na usiku huwa wa maonyesho maalumu. Tazama ratiba kabla ya kwenda.

Vitabu vya zamani vya wasafiri vitakutajia pia ukumbi wa taifa, Kokuritsu Engeijo, uliofunguliwa 1979. Ulifungwa Oktoba 2023 pamoja na ukumbi mkuu wa maonyesho wa taifa ili vijengwe upya, na maonyesho yake yamekuwa yakihamishiwa kumbi nyingine. Usipande treni kuufuata.

Osaka: kelele kidogo zaidi, na hiyo ni heri kwako

Rakugo ya Osaka na Kyoto, ambayo huitwa ya Kamigata, ilikulia nje, kwenye viwanja vya mahekalu, ambako msimulizi alilazimika kumsimamisha mpita njia. Ya Edo ilikulia zaidi vyumbani, kwa watu waliokwisha kuketi. Alama ya asili hiyo bado ipo. Msimulizi wa Osaka mara nyingi huwa na kimeza kidogo mbele yake na ubao mfupi wa kuficha magoti, na kwenye kimeza anagonga kipande cha mbao kubadili tukio au kuamsha watu. Pia muziki huingia katikati ya kisa: mhusika akipanda mashua, shamiseni na ngoma za nyuma ya pazia zinapanda naye. Tokyo muziki huo husikika zaidi msimulizi anapoingia na anapotoka.

Kwa asiyejua lugha, haya yote yanasaidia. Chukua kisa kile cha tambi. Osaka kinaitwa Toki Udon, na katika simulizi la kale la huko wanaokwenda kula mara ya kwanza ni marafiki wawili wanaogombania bakuli moja, mmoja akimvuta mwenzake nguo. Kesho yake yule mpumbavu anakwenda peke yake na kuigiza yote, pamoja na kuvutwa nguo na mtu asiyekuwepo. Huhitaji hata neno moja ili ucheke. Nikilinganisha visa hivi viwili jukwaani, cha Osaka kinamfaa mgeni zaidi; cha Tokyo kina werevu mkavu ambao unapendeza ukiyajua maneno.

Tahadhari ni kwa aliyejifunza Kijapani darasani. Lahaja ya Osaka itakutoa jasho. Mwenye Kijapani cha kati ataelewa zaidi Ikebukuro kuliko Osaka.

Ukumbi wa kwenda ni Tenma Tenjin Hanjotei, ubavuni mwa hekalu la Osaka Tenmangu. Baada ya vita Osaka ilikaa zaidi ya miaka 60 bila yose ya kudumu ya rakugo, na wakati fulani wasimulizi wa Kamigata walikuwa wachache hata watu wakadhani sanaa itakufa. Waliookoa hali ni kizazi cha akina Katsura Beicho wa tatu, aliyetafuta visa vya kale kwa wazee na kuvirudisha jukwaani, na ambaye mwaka 1996 taifa lilimtambua kuwa hazina hai. Hanjotei ilifunguliwa Septemba 2006, chini ya uongozi wa Katsura Sanshi, ambaye sasa anaitwa Katsura Bunshi wa sita, kwa michango ya wananchi. Inua macho ukishakaa: taa za karatasi zilizojaa darini zina majina ya waliochangia. Viti ni zaidi kidogo ya 200, na vipindi vinavyopendwa hujaa, kwa hiyo hapa nunua tiketi mapema, tofauti na Tokyo.

Usichanganye Hanjotei na Namba Grand Kagetsu. Ule ni ukumbi wa kampuni ya Yoshimoto, mkubwa na maarufu, lakini chakula chake kikuu ni manzai na michezo ya kuigiza ya vichekesho. Ni mzuri kwa kazi hiyo. Ukiwa Kobe, kuna Kirakukan mtaa wa Shinkaichi, iliyofunguliwa 2018, ndogo na yenye watu wakarimu. Na ukiwa Osaka mapema Septemba, hekalu la Ikukunitama, ambako Hikohachi alikuwa akisimulia, huwa na tamasha la jina lake. Wasimulizi wenyewe husimama kwenye vibanda wakiuza vyakula.

Kumbi kubwa na majina makubwa

Kwenye yose msimulizi hachagui kisa mapema. Anapofika nyuma ya jukwaa anafungua daftari la visa vilivyokwisha kusimuliwa siku hiyo, anaepuka kilichofanana navyo, kisha anapanda, anazungumza kidogo na watu, na kulingana na wanavyocheka anaamua. Kwa mwenyeji huo ndio utamu. Kwa mgeni maana yake ni kwamba huwezi kujiandaa kwa kisa fulani.

Kama unataka kujiandaa, tafuta onyesho la ukumbi mkubwa ambalo vichwa vya visa vimetangazwa. Hapo wasimulizi ni wawili, watatu, au mmoja tu, na kisa kimoja kinaweza kuchukua dakika 40 au saa nzima. Visa vya kulia na kucheka kwa pamoja, kama Shibahama, cha muuza samaki mlevi aliyeokota pochi ya fedha ufukoni, hukaa vizuri zaidi hapa. Shibahama huvuma Desemba kwa sababu mwisho wake uko usiku wa kuamkia mwaka mpya. Shinigami, cha mtu anayefundishwa na mungu wa kifo namna ya kujifanya tabibu, kilitokana na hadithi ya Ulaya iliyofanywa ya Kijapani na Sanyutei Encho katika karne ya 19. Ukishasoma kisa chote nyumbani, unaweza kukaa saa nzima na kufuata kila zamu.

Pia kuna wasimulizi ambao hutawapata kwenye zile yose nne. Tatekawa Danshi alijitoa Rakugo Kyokai mwaka 1983 kwa ugomvi juu ya namna ya kupandisha watu daraja, akaanzisha shule yake, na wanafunzi wake wamekuwa watu wa kumbi kubwa tangu hapo. Wengine, kama Shunputei Ichinosuke, hupanda kote kuwili, lakini tiketi zao za ukumbini huisha upesi mno. Hapo ndipo njia hii inapomwia ngumu mgeni: tiketi huuzwa miezi kabla, mara nyingi kwa tovuti za Kijapani tupu, na ukifika pale hakuna mkata karatasi wa kukuokoa kama kisa kitakuponyoka. Simpendekezei anayekuja kwa mara ya kwanza bila Kijapani. Mwenye Kijapani cha kati na zaidi, nampendekezea kabla ya vyote.

Rakugo kwa Kiingereza

Mgeni katika rakugo si jambo jipya. Henry Black, aliyezaliwa Australia 1858, alisimulia Tokyo kwa Kijapani na kupewa jina la Kairakutei Black. Kusimulia kwa Kiingereza ndiko kulikuja baadaye: Katsura Shijaku wa pili, wa Osaka, alianza miaka ya 1980 na kuzunguka nchi za nje. Leo wapo Tatekawa Shinoharu, aliyesoma Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kabla ya kuwa mwanagenzi. Diane Kichijitsu, Mwingereza wa Liverpool anayesimulia kwa lugha zote mbili. Na Katsura Sunshine, Mkanada aliyepokelewa na Katsura Bunshi mwaka 2008, ambaye pia amekuwa akipanda jukwaani New York tangu 2019. Ndugu zetu walioko Marekani wanaweza kumwona bila kusafiri hadi Japani.

Maonyesho haya hayana ukumbi wa kila siku. Yanatangazwa moja moja, kwa hiyo yafanye kuwa ya kwanza kutafutwa unapopanga safari. Mambo mawili uyajue. Visa vinavyomalizika kwa mchezo wa maneno hupungua nguvu au huachwa, hivyo utakutana na Toki Soba na Dobutsuen mara nyingi. Na ule ugomvi wa vyeo ulio ndani ya Kijapani, pale fundi seremala anapojaribu kuongea kama samurai, hauvuki salama. Lakini unaelewa, unacheka pamoja na wengine na si baada yao, na kwa mtu aliyeanza kukata tamaa na yose hilo ni dawa. Kwa watoto wanaojua Kiingereza sioni njia nyingine iliyo bora.

Lini, na namna ya kukaa

Siku kumi za kwanza za Januari zina shamrashamra na kumbi hujaa, lakini wasimulizi ni wengi mno na zamu huwa za dakika chache. Nenda kwa sherehe, usiende kwa kisa. Mwishoni mwa Machi ni bora zaidi, kwa sababu Rakugo Kyokai hupenda kuwatambulisha wakati huo waliopanda daraja la juu, shin'uchi. Wakubwa huketi mstari mmoja jukwaani, wanainama, na kila mmoja anamsifu na kumtania mpya wao. Ni safari ndefu ya mwanagenzi aliyewafulia walimu nguo na kuwaandalia chai, na machozi ya siku hiyo hayahitaji mkalimani.

Majina kwenye ratiba hubadilika siku ile ile, kwani msimulizi akipata kazi nyingine huleta mbadala. Ukimfuata mtu mmoja, tazama tangazo la asubuhi. Ukichelewa, simama mlangoni mpaka aliye jukwaani amalize. Usipite mbele yake. Kutoka pia ni kati ya zamu na zamu. Simu izimwe kabisa, na kupiga picha au kurekodi hakuruhusiwi. Chakula ni wakati wa mapumziko, au kimyakimya. Viti vya mbele kabisa viache ikiwa lugha hujui: msimulizi hutafuta macho ya watu wa mbele, na uso usioelewa humtoa kwenye mwendo wake. Safu ya nne au ya tano inatosha.

Mwenye siku mbili Tokyo na lugha hana, aanze na Asakusa mchana, iromono zikamzoeze macho, halafu kesho yake aende Suehirotei jioni na kukaa mpaka msimulizi wa mwisho, ambaye hupewa karibu nusu saa. Mwenye siku moja Osaka anunue tiketi ya Hanjotei kabla hajapanda ndege. Mwenye Kijapani kidogo aende Ikebukuro, na mwenye Kijapani kingi atafute tiketi ya ukumbi mkubwa miezi mitatu kabla. Onyesho la Kiingereza likiangukia ndani ya tarehe zako, liweke la kwanza, kisha uingie yose usiku uo huo au kesho yake, wakati kisa bado kiko kichwani.